Mkono wa Ngige na Mizani ya Guka Wake

Jumanne, 12 Aprili 2005

Chepkorir, yule dada wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya Kitale, amenipa kazi ya shule. Nitafute daftari, niandike kila siku nimemnyoosha mtoto mara ngapi na mkono umefanya nini. "Usiniletee hadithi, Mama Ngige. Niletee tarehe." Mimi ni mwalimu wa chekechea, madaftari ninayo. Hadithi ataletewa tu, kwa maana sijui kuandika tarehe nikanyamaza.

Ngige alizaliwa Jumamosi tarehe 2 mjini Bungoma, katika nyumba ya uzazi ya mtu binafsi, karibu na chumba anachokodi mume wangu Kim, anayefundisha huko. Nilikuwa nimemtembelea, uchungu ukanishika wiki moja kabla ya siku zangu. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Nesi alikuwa mmoja. Alikishika kichwa akavuta, akaacha, akavuta tena, huku akimwomba Mungu kwa sauti, jambo ambalo halikunitia moyo hata kidogo. Mtoto alikuja kulia baadaye, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umelala.

Bado umelala. Unaning'inia ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma kama cha polisi wa trafiki anayengoja chai. Kim alipouona alicheka, halafu akatoka nje akalia. Vidole vinacheza, na Chepkorir anasema hiyo ni dalili njema. Mishipa ya fahamu ya shingoni imevutwa, huenda haikukatika. Tufanye mazoezi na tungoje. Kiwiko kisipokunjika kufikia mwisho wa Agosti, ni kwenda Nairobi kupasuliwa.

Tarehe 5 nilifika hapa kwa wakwe zangu, nje kidogo ya Kitale. Kabla sijaketi, baba mkwe alimchukua mtoto akaenda naye stoo. Mzee Hiram hununua maharagwe kwa akina mama wanaolima vipande vya kukodi, na mizani yake inaning'inia pale mlangoni, uso wa duara kama saa, karai chini yake. Kila mjukuu hupimwa humo, kisha Mzee huandika uzito wake mlangoni kwa rangi nyeusi ya kuandikia magunia. Wajukuu sita wako kwenye mlango huo. Sasa yuko wa saba: NGIGE 4.3. Jina ni la Mzee mwenyewe, Hiram likiwa la ubatizo, maana kwetu kifungua mimba wa kiume huitwa kwa jina la babu yake. Alisimama mbele ya mlango kwa muda akijisoma.

Mazoezi mara tano. Mkono: bado.

13 Aprili

Mvua. Mara tano. Mkono: bado.

14 Aprili

Mvua. Mara tano. Bado.

Jumapili, 17 Aprili

Anayemwogesha mtoto ni cucu wake, yaani nyanya yake, mama mkwe wangu aitwaye Wangu. Humlaza mapajani, humkanda mafuta, humnyoosha mguu mmoja mmoja, mkono mmoja mmoja, akimwita "mume wangu", kwa sababu ana jina la Mzee. "Mume wangu ni mvivu," anamwambia. "Anataka kila kitu afanyiwe." Mzee akiwa karibu hujifanya hasikii. Mimi nacheka, na siku hizi hakuna kingine kinachonichekesha.

Mkono: bado.

Jumanne, 26 Aprili

Chepkorir amempima mtoto: kilo tano nukta mbili. Akafungua kadi ya kliniki tuliyopewa Bungoma, akaisoma, akaigeuza nyuma kama anayetafuta mwenye kadi.

"Hapa wameandika alizaliwa tatu nukta nne. Mama Ngige, huyu mtoto unamlisha nini, mbolea?"

Nikamwambia siku ya tatu guka wake, yaani babu yake, alimpima akapata nne nukta tatu. Uso wake ukabadilika. Mtoto hupungua siku za kwanza, alisema, haongezeki karibu kilo nzima. Halafu akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wangu wa chekechea: mtoto mkubwa namna hiyo bega hukwama. Walipaswa kujua mapema wanihamishie hospitali kubwa. Mtu anayeandika tatu nukta nne anataka ionekane hapakuwa na la kujua.

Nimerudi nyumbani nikasimama mbele ya ule mlango. Nilikuwa nikiuona kama mchezo wa mzee. Nina hasira mpaka maziwa yamekataa kushuka.

Mkono: bado.

Jumanne, 3 Mei

Bungoma kutafuta faili langu. Karani anaitwa Jairus, kijana mpole, mtu wa Matulo, kijiji cha huko. "Fairi yako hatuoni, mama. Kuja wiki ingine." Nikamwambia wiki ile nyingine nilipiga simu akaniambia vivyo hivyo. Akatazama mlango wa mwenye hospitali, akashusha sauti. "Mimi nimeambiwa sioni, mama. Sasa niione aje?"

Angalau huyo amenipa ukweli wa kiasi chake.

Mkono: bado.

Jumanne, 10 Mei

Tumempata wakili, Bwana Cheruiyot, ofisi iko juu ya duka la dawa za mifugo. Nilipomtajia mlango wa stoo alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaomba nirudie tarehe. "Nani aliandika?" Baba mkwe. "Ni mtu wa aina gani?" Mzee wa kanisa, nikasema, na watu wa hapa humwamini mpaka humwachia watoto na funguo. Akasema basi huo mlango usipakwe rangi, usioshwe, usiguswe. Ataiandikia ile nyumba ya uzazi barua.

Nilipomweleza Mzee jioni, alisema ni vizuri.

Mkono: bado.

19 Mei

Palizi ya kwanza. Mara tano. Bado.

20 Mei

Bado.

21 Mei

Kim amekuja na nepi na maneno ya kutia moyo. Nepi zimesaidia. Bado.

Jumanne, 7 Juni

Barua imejibiwa. Kim aliisoma mara mbili, ya kwanza kimya, ya pili kwa sauti, nasi sote tukiwa mezani. Wanasema mtoto alizaliwa kilo tatu nukta nne bila tatizo, akaondoka kwao mikono yote ikicheza. Wanasema ni desturi inayojulikana kwamba nyanya humvuta mtoto viungo wakati wa kumwogesha. Familia itafute chanzo hapo kabla ya kuwachafulia watu jina.

Hakuna aliyemtazama Mama, mkwe wangu. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, maana ukimya ule wote ulimwangukia yeye.

Niandike lililo moyoni, daftari ni langu. Mimi niliuona mkono umelala Bungoma, saa ile ile, kabla Mama hajamgusa mtoto. Najua. Lakini barua ilipokwisha kusomwa nilikumbuka anavyomnyoosha, mmoja mmoja, na nikajiuliza: na kama ulikuwa umevutwa kidogo tu, na yeye akamalizia? Jioni nilimwambia nitamwogesha mtoto mwenyewe, apumzike, mvua hii inamuumiza magoti. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akiungoja mlango ugongwe. Akafuta lile beseni la kuogeshea mtoto, akalitundika kwenye msumari.

"Ni sawa, Mama Ngige," alisema.

Mkono: bado.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani wamejua. Sijui Kim alimwambia nani. Mama mmoja alimnyang'anya mama mkwe mtoto aliyekuwa amembeba, mjukuu wa mama huyo, kwa upole, kwa tabasamu, akisema mtoto ana mafua. Mzee alikuwa mbele akikusanya sadaka. Aliliona, nami nilimwona akiliona.

Mkono: bado.

Jumanne, 14 Juni

Bwana Cheruiyot anasema watu wa Bungoma wataukejeli ule mlango, watasema mizani ya maharagwe si ya hospitali. Dawa yake ni rahisi. Tuipeleke kwa afisa wa vipimo na mizani hapa Kitale, aikague, atoe cheti kwamba inasema kweli. Siku moja tu.

Nimemweleza Mzee nikiwa na furaha. Akaweka kikombe chini.

"Mizani yangu haiendi mahali."

"Baba, ni siku moja."

"Nimesema haiendi. Watu wa serikali wakishika kitu hawarudishi. Muambie huyo wakili atafute njia ingine."

Nikamngoja Kim aseme kitu. Kim alikuwa akisoma gazeti la wiki iliyopita.

Mkono: bado.

15 Juni

Mizani haipo mlangoni. Mzee ameitoa, ameifungia chumbani kwake. Bado.

18 Juni

Nimemwambia Kim babake anawakinga watu wa Bungoma, labda ana urafiki na mwenye ile nyumba ya uzazi. Kim alinijibu nisimtukane baba yake. Nikamjibu nimemtukana kidogo, nimebakisha. Amerudi Bungoma bila kula. Bado.

23 Juni

Mzee ananisalimu, namwitikia. Anamwita mtoto "wakwa", yaani "mtoto wangu", anamshika ule mkono, anauinua mpaka begani, anauachia polepole. Namwangalia na kumchukia. Jina lake liko kwenye huo mkono na hawezi kuusaidia kwa siku moja. Bado.

Jumamosi, 2 Julai

Miezi mitatu leo. Nilimpa kijiko akishike kwa mkono wa kushoto, akakishika, akakipeleka mdomoni. Nikakiweka katika mkono wa kulia. Vidole vilikibana vizuri kabisa, na mkono ukabaki pale pale ulipokuwa. Alikitazama kile kijiko kwa mbali, akaanza kulia.

Kiwiko: bado. Siku zimebaki sitini tu.

Jumamosi, 9 Julai

Maharagwe yameanza kuvunwa. Mizani imerudi mlangoni, maana bila mizani hakuna biashara. Akina mama walipanga foleni tangu asubuhi. Chesang wa Kipsongo, ambaye ni mchapakazi wa kutisha, alileta ya kwanza. Alipopimiwa alikunja uso. "Mzee, nyumbani ilikuwa imejaa debe." Mzee akamwambia maharagwe ya mvua hunywea yakikauka. Chesang akasema sawa, si yeye ndiye anajua.

Mchana Mzee alienda kupumzika. Mimi nilikuwa nimetoka dukani na sukari, pakiti ya nusu kilo, mtoto mgongoni. Nilitaka tu kumfunga leso vizuri, nikaiweka ile pakiti ndani ya karai la mizani ili nipate mikono miwili.

Mshale haukusogea.

Nilidhani sijaona vizuri. Nikaitoa, nikairudisha. Mshale ulikaa kwenye sifuri kama haukuwekewa kitu. Nikaongeza kopo la maharagwe ndipo ukaanza kupanda. Nikachungulia nyuma ya kioo. Kuna kipande cha waya kimepachikwa pale, na mshale unakiegemea. Nusu kilo ya kwanza ya kila mtu inaishia kwenye ule waya.

Sasa najua kwa nini mizani haiendi mahali. Haikuwa urafiki na watu wa Bungoma. Nimekaa juu ya gunia nikaona kila aliyewahi kusimama mlangoni hapo, Chesang na debe lake, na nikaona aibu kwa niaba ya mtu mzima.

Kisha nikapiga hesabu nyingine. Nne nukta tatu, ongeza nusu. Ngige alikuwa kilo nne nukta nane.

Mkono: bado.

Jumapili, 10 Julai

Mzee alikusanya sadaka. Sikuimba. Bado.

11 Julai

Kumwambia Kim ni kumpa mzigo asioujua kubeba. Kumwambia wakili ni kumwanika Mzee bila yeye kuwapo. Na mimi ni mke wa mwanawe, namsalimu nikiwa nimeinamisha macho. Bado.

Jumanne, 12 Julai

Leo asubuhi nilimkuta stoo peke yake akishona magunia. Mtoto nilikuwa nimembeba. Nikaweka ile sukari kwenye karai.

"Baba, angalia mshale."

Aliangalia.

"Sukari umetoa wapi?"

"Dukani. Haijafunguliwa."

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi. Na Ngige."

Akaketi. Akanieleza akiutazama uzi mkononi mwake. Mwaka wa tisini na tisa wenye malori walikuwa wakimpunja mahindi kwa mizani yao, na mvua ilikataa, na Kim alikuwa chuo. Akaweka ule waya. Alijiambia ni msimu mmoja. "Halafu nikaona hakuna mtu ameuliza," alisema. "Kitu kisipoulizwa kinakuwa kama si kibaya."

"Baba, hii mizani ikikaguliwa, inaonyesha mtoto alikuwa nne nukta nane. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuapa kwamba waya ulikuwa hapo tarehe tano Aprili. Nikiapa mimi wataniuliza nilijuaje."

"Unataka nisimame mbele ya watu niseme mimi ni mwizi."

Nilikuwa nimejiandaa kulia. Badala yake hasira ilinijia, na nashukuru ilikuja.

"Nataka useme Ngige alikuwa na uzito gani. Hayo mengine yanakuja nayo, siwezi kuyazuia. Mama anaitwa mvunja watoto, Baba. Watu wanamnyang'anya watoto mkononi. Yeye hakuiba kitu na anabeba. Hata mimi nimembebesha."

Akaitoa ile sukari kwenye karai, akanipa. "Peleka jikoni," alisema.

Mkono: bado.

13 Julai

Hakuja mezani. Bado.

14 Julai

Amekula, hajasema. Bado.

16 Julai

Siku ya kununua. Aliwaambia akina mama warudi Alhamisi, mizani ni mbovu. Chesang alinitazama mimi. Bado.

Alhamisi, 21 Julai

Mzee alitoka alfajiri akiwa amevaa koti la kanisani. Akina mama walikuja, labda ishirini, wakaketi juu ya magunia yao. Saa nne akarudi na afisa wa vipimo, aliyebeba sanduku la mawe yake ya mizani, ya shaba, na nyuma yao Bwana Cheruiyot akikwepa matope kwa viatu vya ofisi.

Nilidhani atafanya faraghani. Mzee aliwaomba akina mama wasogee karibu.

Afisa akaweka jiwe la nusu kilo. Mshale ukatulia. Akaweka la kilo moja peke yake, mshale ukasema nusu. Akaweka mawe ya kilo tano, mshale ukasema nne na nusu. Kila mara alitaja kwa sauti, naye Cheruiyot akaandika.

"Hiyo waya niliweka mimi," Mzee alisema. "Mwaka wa tisini na tisa. Haijawahi kutoka. Tarehe tano mwezi wa nne nilipima huyu mtoto ikiwa hapo. Kila mtu amepimiwa hapa, nimemkata nusu kilo. Nyinyi wote. Naomba msamaha, na sijui nitarudisha aje, lakini nitarudisha."

Chesang alisimama. Nilitarajia matusi, na angekuwa na haki.

"Miaka sita, Mzee," alisema. "Mimi nilikuwa naambia watoto wangu ati wanaiba maharagwe usiku. Nimechapa watoto."

Alibeba gunia lake kichwani akaondoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Afisa aliishusha mizani akaifungia kwenye sanduku. Atamshtaki Mzee, na sheria inamruhusu. Mzee aliweka sahihi kila alipoonyeshwa. Niliutazama ule mkono wake wa kulia kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Mkono: bado.

Jumapili, 24 Julai

Amejiuzulu uzee wa kanisa kabla hawajamwomba. Alikaa benchi la nyuma. Mama aliondoka upande wa akina mama akaenda kuketi naye. Bado.

28 Julai

Hakuna aliyeleta maharagwe. Bado.

Jumanne, 2 Agosti

Cheruiyot amepeleka kiapo cha Mzee na cheti cha afisa Bungoma. Anasema mtu anayejishtaki mwenyewe ili aseme uzito wa mtoto ni vigumu kumwita mwongo. Wakili wao, aliyekuwa na maneno mengi mwezi Juni, ameomba tukutane. Sitajipa matumaini. Kesi hizi ni ndefu, na Agosti ni fupi.

Mkono: bado.

Jumamosi, 6 Agosti

Mzee amenunua mizani nyingine, ina muhuri wa serikali. Ilining'inia asubuhi nzima bila mteja. Saa sita Chesang akaja. Hakusalimu. Alitoa kwenye kanga pakiti ya chumvi ya nusu kilo, haijafunguliwa, akaiweka kwenye karai, akaukazia mshale macho mpaka uliposimama kwenye nusu. Ndipo akamwaga maharagwe yake. Mzee alisimama pembeni mikono nyuma, kama mwanafunzi. Alipomaliza kupima alimwongezea Chesang kopo juu ya kopo kutoka gunia lake mwenyewe, na Chesang akapokea bila kusema ahsante. Sikuona sababu ya yeye kusema.

Kisha Mzee akaleta rangi ya magunia, maana Bwana Cheruiyot alikuwa ameshaupiga mlango picha na kuuruhusu uguswe. Akakata uzito wa wajukuu wote waliozaliwa tangu mwaka ule, akaandika mwingine chini yake. Wa mwisho: NGIGE 4.8.

Mkono: bado.

Jumapili, 7 Agosti

Baada ya kanisa nilichemsha maji, nikalitoa lile beseni kwenye msumari, nikaenda nalo na mtoto hadi alipokuwa Mama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu, "Nilikushuku, Mama. Nisamehe."

"Nilijua," alisema, akikunja mikono ya sweta. "Hata mizani nilijua. Hilo karai nimeliosha miaka sita."

Nikamuuliza kwa nini alikubali kuitwa mvunja watoto ilhali angesema neno moja tu.

"Ningesema mimi, angekuwa mwizi aliyeshikwa. Nilitaka aseme mwenyewe." Akaingiza kiwiko majini kupima joto. "Lakini angechelewa wiki ingine, ningesema."

Akamlaza mtoto mapajani. Akamkanda mguu mmoja, na wa pili, na mkono wa kushoto. Alipofika wa kulia alisita, akanitazama. Nikamwambia aendelee. Akaunyoosha, polepole, mpaka mwisho, akauachia. "Mume wangu," alimwambia, "wewe ni mvivu sana."

Mkono ulianza kushuka kama siku zote. Halafu ukasimama njiani. Kiwiko kilikunjika, kidogo, kama mtu anayerudisha kitu alichotaka kutoa, na kikabaki hivyo mpaka nikahesabu tatu.

Mama alisubiri, akaunyoosha tena, akauachia. Kikakunjika tena.

"Kalete daftari," aliniambia, "kabla hujaanza kulia. Andika tarehe."

Tarehe 7 Agosti. Mara mbili. Ameshuhudia cucu wake, akimwogesha.